Jinsi ya kupima usahihi wa GPS ya simu yako: usiiamini ile "mita 3" mpaka uipeleke kwenye alama inayojulikana

Mleta uzi: Tepu na Kamba

Wakuu, salaam.

Kuna swali linarudi sana humu: "Simu yangu inaonyesha usahihi wa mita 3, naweza kuitumia kutafuta mipaka ya kiwanja?" Wengine hujibu ndiyo, wengine hapana, lakini ni nadra mtu kuuliza hiyo mita 3 imetoka wapi. Imetoka kwenye simu yenyewe. Hakuna aliyesimama pembeni na tepu akapima. Chipu imeangalia inasikia setelaiti ngapi, zimekaaje angani, mawimbi yana nguvu kiasi gani, halafu ikakadiria kosa lake yenyewe. Tena kwenye Android, maelezo rasmi wanayopewa watengeneza programu yanasema duara hilo ni la asilimia 68. Maana yake, hata makadirio yakiwa mazuri, karibu mara moja katika kila tatu wewe uko nje ya duara unaloliona kwenye skrini.

Kazi yangu ni upimaji wa ardhi. Nimeona watu wakigombana kwa sababu ya namba hiyo, kwa hiyo naomba tuelekezane namna ya kuipima simu kwa haki.

Kwanza tuelewe kinachopimwa. Setelaiti za GPS zinazunguka kilomita 20,200 hivi juu yetu, na kila moja inatangaza muda wake na mahali ilipo. Simu inapokea matangazo hayo na kuhesabu yamechukua muda gani kufika. Mawimbi husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde ni sentimita 30. Ukikosea sehemu mia moja kama hizo, tayari ni mita 30. Ndiyo maana jengo, mti au hali ya anga ya juu inatosha kuhamisha nukta yako ukiwa umesimama palepale.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mpaka mwanzoni mwa Mei 2000, Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi wanayotumia raia, na kosa lilifika hata mita 100. Siku hizi serikali hiyo hiyo inaeleza kwamba simu ya kawaida, chini ya anga wazi, huwa ndani ya mita 4.9 hivi. Shikeni hayo maneno "chini ya anga wazi". Uani kwako, kati ya ukuta na paa la bati, hapamo.

Sasa jaribio lenyewe. Unahitaji mahali ambapo majiranukta yake (latitudo na longitudo) yanajulikana kwa njia bora kuliko simu. Kwetu hiyo ni alama ya upimaji: nguzo ya kudumu ya wapimaji, au bikoni (alama ya kona) ya kiwanja kilichopimwa ambayo bado iko mahali pake na namba yake imo kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Usitumie picha ya setelaiti ya kwenye mtandao kama ukweli. Picha zile nazo zimebandikwa juu ya ramani, na mahali pengine zimesogea mita kadhaa. Wanaochora ramani huria, wakiwemo vijana wa Ramani Huria waliochora mitaa ya Dar inayofurika, wanajua kwamba picha husawazishwa kwanza kabla ya kuanza kuchora juu yake.

Weka simu juu ya alama, skrini ikitazama juu. Usiikumbatie kifuani, mwili wa binadamu unazuia mawimbi. Fungua programu inayoonyesha namba ghafi za GPS, mimi natumia GPSTest, ni ya bure. Usitumie programu ya kuelekeza njia, kwa sababu hiyo huvuta nukta yako na kuibandika barabarani hata kama ulikuwa mtaroni, na kosa halionekani tena. Zima Wi-Fi pamoja na ule utafutaji wake wa chinichini, la sivyo simu itachanganya GPS na ruta za majirani. Subiri dakika chache, andika latitudo, longitudo, saa, na ile "mita 3" inayodaiwa. Ondoka. Rudi saa nyingine.

Hesabu yake huku kwetu ni nyepesi kwa sababu tuko karibu na ikweta: 0.00001 ya digrii ni mita 1.1 hivi, upande wa kaskazini-kusini na upande wa mashariki-magharibi pia. Tuseme namba ya simu imepishana na ya alama kwa 0.00003 kwenye latitudo na 0.00004 kwenye longitudo. Hiyo ni mita 3.3 na mita 4.4. Ile kanuni ya pembetatu ya darasani inakupa mita 5.5. Kwa hiyo simu iliyodai mita 3 imekosea mita 5.5 safari hiyo. Fanya hivyo mara nyingi, panga makosa kutoka dogo hadi kubwa, tazama lililo katikati, kisha tazama yale ya mwishoni kabisa. Ya mwishoni ndiyo yatakayokutia hasara.

Jambo jingine: programu inayokuonyesha tarakimu nane baada ya nukta haikupi usahihi wowote wa ziada. Tarakimu ya sita tayari ni sentimita 11, na simu ya kawaida haijui sentimita 11.

Karibuni kwa maswali.

---

#2 Mwanachuo Mzumbe

Shukrani mkuu. Je, inahitaji bando? Na ukiweka simu hali ya ndege GPS inafanya kazi?

---

#3 Tepu na Kamba

GPS haihitaji bando. Simu inasikiliza tu, haitumi kitu kwenda kwa setelaiti. Intaneti inasaidia jambo moja: kuleta haraka taarifa za mahali zilipo setelaiti. Bila intaneti simu inazipokea kutoka angani yenyewe. Taarifa za setelaiti moja huchukua nusu dakika, ila orodha nzima ya setelaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Kwa hiyo simu iliyokaa imezimwa muda mrefu, au iliyosafirishwa mbali, ipe muda kabla ya kuihukumu.

Hali ya ndege kwa simu nyingi za sasa haizuii GPS. Mimi napenda kujaribu hivyo, maana najua minara ya simu haimo kwenye jibu.

---

#4 Kiwanja Kigamboni

Mkuu umenigusa. Jirani yangu kaja na simu, kazunguka kiwanja changu, anasema ukuta wangu umeingia kwake mita mbili. Ana picha za skrini kabisa na anataka kwenda nazo baraza la kata. Kiwanja ni 20 kwa 30, kimepimwa, ramani ninayo. Nifanye nini?

---

#5 Tepu na Kamba

Pole sana ndugu yangu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu suala hili linaumiza watu wengi.

Mita mbili ziko ndani kabisa ya kosa la simu. Simu ambayo siku nzuri inakosea mita 4 au 5 haiwezi kushuhudia juu ya mita 2. Akirudi jioni na simu hiyohiyo inaweza kusema ukuta wako uko ndani ya kwako kwa mita tatu, na hiyo nayo isiwe ushahidi.

Tazama ukubwa wa tatizo. Kiwanja chako ni mita za mraba 600. Simu ikikosea mita 3 kwenye upande ule wa mita 30, hesabu inakuwa 660, asilimia kumi nzima imezuka hewani. Shamba la ekari kumi ni tofauti. Lingekuwa mraba, upande mmoja ungekuwa kama mita 200, na mita 3 pale ni asilimia moja na nusu. Ndiyo maana kwa mkulima anayetaka kujua anunue mbegu na mbolea kiasi gani, simu inafaa sana na ninamshauri aitumie. Mpaka wa kiwanja cha mjini ni habari nyingine.

Cha kufanya: tafuta bikoni zako kwanza. Fukua taratibu kwenye kona, nyingi zimefunikwa na kifusi au msingi wa ukuta. Kama zipo na hazijahamishwa, jirani yako, wewe na mjumbe mzivutie kamba mkiwa pamoja. Kama hazipo, omba ofisi ya ardhi ya halmashauri au mpima ardhi aliyesajiliwa azirudishe. Vifaa vyetu pia vinatumia setelaiti hizohizo, ila tunaweka kipokezi kimoja kwenye alama inayojulikana, kingine kwenye kona yako, na makosa ambayo vyote viwili vinayaona kwa pamoja yanatolewa. Hapo unaongelea sentimita. Barazani omba ramani ya upimaji ndiyo isomwe.

---

#6 Nyangumi wa Temeke

Naunga mkono uzi ila sehemu moja sikubaliani. Kwa nini uondoke na kurudi? Weka simu hapohapo nusu saa, chukua wastani wa namba zote, kosa linafutika. Hesabu za takwimu ndivyo zinavyosema.

---

#7 Tepu na Kamba

Mkuu, hesabu hizo ni sahihi pale ambapo kila kosa halihusiani na lililotangulia. Kwenye GPS yanahusiana sana. Sekunde hii na sekunde ijayo setelaiti ziko karibu mahali palepale, anga ni lile lile, ukuta unaorudisha mawimbi ni ule ule. Ukichukua namba 1,800 ndani ya nusu saa, hujapata ushahidi 1,800. Umepata ushahidi mmoja uliorudiwarudiwa. Na simu nyingi zikihisi umesimama zinaituliza nukta isitembee, kwa hiyo unaona namba zimeshikamana vizuri, unafurahi, kumbe zote zimeshikamana mita sita kutoka kwenye alama.

Kushikamana kwa namba na kuwa mahali sahihi ni mambo mawili. Jaribio lazima liyaone yote mawili, na la pili haliwezekani bila alama inayojulikana.

Na kuna mtego mwingine hapo ambao hata watu wa kazi hii unawapita. Setelaiti za GPS zinarudi kwenye mpangilio uleule kila baada ya saa 23 na dakika 56 hivi. Ukipima kila siku saa mbili asubuhi unakutana na mpangilio karibu uleule, mawimbi yanagonga kuta zilezile, na kosa linajirudia. Utaandika kwenye daftari kwamba simu yako haibadiliki. Badilisha saa: alfajiri, mchana, jioni, usiku.

Faida ya kosa kujirudia kwa muda mfupi iko hapa: ukizunguka shamba kwa dakika chache, umbo zima linasogea pamoja, kwa hiyo eneo linatoka vizuri kuliko mahali lilipo. Ndiyo sababu nyingine ninayowaruhusu wakulima.

---

#8 Mswahili wa London

Salaam kutoka Uingereza. Kuna kitu kinawashangaza wageni hapa Greenwich. Wanasimama juu ya ule mstari wa longitudo sifuri, wanafungua simu, simu inasema bado hawako sifuri. Sifuri ya GPS iko mita 102 upande wa mashariki, huko bustanini. Watu wanasema simu mbovu. Je, ni kosa la simu?

---

#9 Tepu na Kamba

Ahsante sana, umeleta jambo nililotaka kuligusa. Simu iko sawa. Mstari wa kale wa Greenwich uliwekwa kwa kutazama nyota, kwa vifaa vilivyosawazishwa na uzito wa dunia mahali pale. GPS inatumia mfumo wa dunia nzima, WGS84, ambao kitovu chake ni katikati ya dunia. Mifumo miwili, sifuri mbili.

Kwetu mtego huo ni mkubwa zaidi. Ramani zetu za zamani za 1:50,000, na ramani nyingi za upimaji za Tanzania, Kenya na Uganda, zimetengenezwa kwenye mfumo wa Arc 1960. Ukichukua namba ya bikoni ya Arc 1960 na kuilinganisha na simu bila kuibadilisha, utapata kosa la mita 200 na zaidi. Nimeona mtu anatupa simu nzima kwa sababu hiyo, na simu haikuwa na hatia. Kwa hiyo kabla hujapima, soma pembeni mwa ramani imeandikwa mfumo gani. Ukiona tofauti kubwa ambayo haibadiliki, siku zote upande uleule, umbali uleule, shuku mfumo. Kosa la simu huhangaika huku na huku.

Na kama namba zako ni zile za mita za UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda, angalia kanda. Dar, Tanga, Arusha ziko kanda ya 37 kusini. Mwanza iko 36. Mpaka wa kanda ni longitudo 36, na Dodoma mjini iko magharibi kidogo tu ya mpaka huo, kwa hiyo watu wa Dodoma kuweni makini.

---

#10 Dereva Mtandao

Mimi naendesha abiria wa programu. Nikiwa Kariakoo nukta inaruka mtaa wa pili, abiria anapiga simu anafoka. Nikivuka kwenda Kigamboni imetulia kabisa. Simu moja, siku moja.

---

#11 Tepu na Kamba

Hapo unaona kazi ya maghorofa. Kariakoo mitaa ni myembamba na majengo ni marefu. Setelaiti iliyo upande wa jengo imezibwa, lakini mawimbi yake yanagonga ukuta wa kioo wa ng'ambo na kukufikia yakiwa yamezunguka. Simu inaamini yamekuja moja kwa moja. Njia ndefu kwa mita 20 inaisukuma nukta yako upande usio wako. Antena ya simu ni ndogo na haina uwezo wa kuyakataa mawimbi yaliyogonga ukuta, tofauti na antena za vifaa vyetu.

Kuna simu zinazojitahidi zaidi. Tangu 2018, ilipotoka Xiaomi Mi 8, zipo simu zinazosikiliza masafa mawili, L1 na L5. Mawimbi ya L5 yanamsaidia mpokeaji kutenganisha lililokuja moja kwa moja na lililogonga ukuta. Kujua kama yako inayo, fungua GPSTest nje kwenye uwazi, tazama safu ya masafa. Ukiona L1 na E1 (jina la L1 kwa setelaiti za Ulaya) peke yake, ni ya masafa mamoja. Ukiona L5 au E5a (L5 ya Ulaya), ni ya mawili. Pia tazama bendera: Marekani ni GPS, Urusi ni GLONASS, Ulaya ni Galileo, China ni BeiDou. Zikiwa nyingi, barabara nyembamba inakutesa kidogo zaidi, kwa sababu hata kipande kidogo cha anga kinakuwa na setelaiti za kutosha.

Kwa abiria, ningekushauri ukubaliane naye kwenye kona au duka linalojulikana. Kwenye mitaa ile nukta peke yake haitoshi.

---

#12 Mkimbiaji Mlimani

Vipi umbali? Kwenye marathoni simu yangu iliandika kilomita 42.7. Niliambiwa waandaaji walizidisha njia.

---

#13 Tepu na Kamba

Marathoni ni kilomita 42.195, na njia zinazotambuliwa kimataifa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu, wakifuata mstari mfupi kuliko yote. Tena huongeza mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Simu inaweka nukta kila sekunde, na kila nukta inayumba kidogo, kwa hiyo mstari unakuwa na vipindapinda ambavyo miguu yako haikupita. Ongeza na kona ulizozungukia kwa nje. Nusu kilomita ya ziada haishangazi.

Ukitaka kupima hilo, nenda uwanja wa riadha, kimbia njia ya kwanza ya ndani mizunguko kumi. Hiyo ni mita 4,000. Linganisha. Jaribio hilo linakueleza juu ya umbali tu, halikuambii kama nukta iko mahali pake.

---

#14 Wa Kwa Wazee Nairobi

Hujambo ndugu. Niko Kenya, nachora mabomba ya maji. Kuna jioni namba zinakuwa mbaya kuliko mchana, na pale ni uwanja wazi hakuna ghorofa. Ni simu yangu?

---

#15 Tepu na Kamba

Huenda si simu kabisa. Sisi wa ukanda wa ikweta tuna adha ambayo watu wa Ulaya hawaijui sana. Juu ya hewa tunayovuta kuna tabaka la ionosfia lenye chembe za umeme zinazotokana na jua, na mawimbi yakipita humo yanachelewa. Tabaka hilo ni zito zaidi kwenye mikanda miwili, kaskazini na kusini ya ikweta ya sumaku, ambayo kwa upande wetu inapita Ethiopia. Jua likizama, tabaka hilo huku kwetu huchafuka na kutengeneza mapovu, mawimbi yanayumbayumba, wakati mwingine simu inapoteza setelaiti kabisa. Huwa ni kuanzia saa moja usiku mpaka kama saa sita, na huzidi karibu na Machi na Septemba, na katika miaka ambayo jua lina vurugu nyingi kama 2024.

Simu ya masafa mamoja inasahihisha kwa kanuni inayotangazwa na setelaiti zenyewe, na kanuni hiyo huondoa kama nusu tu ya kosa. Ya masafa mawili inaweza kupima ucheleweshaji wenyewe, maana kila masafa yanachelewa kwa kiwango chake. Kwa mabomba yako, kazi ya lazima fanya asubuhi.

---

#16 Mama Ndizi Moshi

Naomba kuuliza kuhusu kimo. Nilipokuwa Tanga ufukweni, programu iliniandikia kimo hasi, kama niko chini ya bahari. Huku Moshi nayo hailingani na ya ramani.

---

#17 Tepu na Kamba

Dada, GPS inapima kimo kutoka kwenye umbo laini la dunia la kihesabu. Usawa wa bahari haufuati umbo hilo. Pwani yetu uko chini yake kwa makumi ya mita, kwa hiyo namba hasi ufukweni ni jambo la kawaida kabisa. Programu nyingine zinakurekebishia, nyingine hazifanyi, angalia mipangilio yake. Zaidi ya hapo, kimo hukosewa zaidi kuliko mahali, kwa sababu setelaiti zote ziko juu yako na hakuna iliyo chini ya miguu kusawazisha.

Hata Kilimanjaro: 5,895 tuliyosoma shuleni ni ya upimaji wa 1952. Wapimaji walipopanda na vifaa vya GPS mwaka 1999 walipata 5,892, na ilibidi kwanza wahesabu tofauti hiyo ya usawa wa bahari ndipo watoe namba.

---

#18 Mwanachuo Mzumbe

Nimepata namba za nguzo moja ya upimaji karibu na chuo, imeandikwa Arc 1960. Nitabadilisha kwenda WGS84 halafu nianze. Nikileta matokeo humu niandike nini na nini?

---

#19 Tepu na Kamba

Safi sana. Andika saa, hali ya mahali (wazi, mti, ukuta, paa), masafa uliyoyaona, usahihi unaodaiwa na simu, na tofauti mbili kwa mita ukiweka na upande: kaskazini au kusini, mashariki au magharibi. Usifute zile mbaya. Na mtafute mwenzako mwenye simu ya aina nyingine, mziweke sambamba juu ya nguzo hiyohiyo kwa wakati mmoja, hapo tutajua kosa lipi ni la anga na lipi ni la simu.